Begi zito si la ngumi kavu

Agosti 1988 Mike Tyson alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, mwenye mikanda yote mitatu iliyokuwa na hadhi wakati ule, na miezi miwili tu nyuma alikuwa amemmaliza Michael Spinks kwa sekunde 91. Usiku mmoja wa mwezi huo, nje ya duka la nguo mtaani Harlem, New York, alikutana na bondia mwenzake Mitch Green, wakatupiana maneno, na Tyson akamtandika usoni kwa mkono mtupu. Green aliondoka na jicho lililovimba mpaka likafumba. Tyson aliondoka na ufa katika mfupa wa mkono wake wa kulia, na pambano lake na Mwingereza Frank Bruno likaahirishwa, likaja kuchezwa Februari 1989. Mkono ule ulikuwa umefundwa tangu utotoni na kupiga begi mwaka hadi mwaka. Ulipokosa bandeji na glovu, ugomvi wa dakika chache ulitosha kuuvunja. Kila kocha anayemwambia kijana avue glovu apige begi kavukavu ili mkono ukomae anapaswa kukitafakari kisa hicho, kwa sababu kama kuna mkono uliowahi kukomaa katika ngumi za kizazi chetu, ni ule.

Imani ya kukomaza mkono ina mizizi mirefu kwenye klabu zetu za mitaani. Begi lenyewe mara nyingi ni la kujitengenezea: gunia au kiroba kilichoshindiliwa vitambaa, maranda ya mbao na mchanga, kikaning'inizwa kwa mnyororo kwenye boriti au tawi la mwembe. Siku za mwanzo begi hilo ni laini. Kadiri linavyopigwa, mchanga huchujika kupita katikati ya vitambaa na kushuka chini, na baada ya wiki chache nusu ya juu inabonyea kama mto wakati nusu ya chini imeshikamana kama tofali. Kijana anayefanya mazoezi ya kupiga mwili, yaani tumbo na mbavu, anashusha ngumi zake huko huko chini kwenye ugumu. Ngozi ya vifundo inachubuka, inapona, inachubuka tena, na hatimaye inaota sugu nyeusi anayoionyesha kwa wenzake kama cheti cha kuhitimu. Siku hizi kuna hata video za simu zinazomsifu anayepiga hivyo. Hoja yangu ni kwamba sugu ile haithibitishi chochote kuhusu mkono ulio chini yake, na kwamba kupiga begi zito kwa nguvu na kwa mikono mitupu ni zoezi lililokosewa tangu msingi wake. Halipaswi kuachwa kama suala la hiari ya mtu au ushujaa wake.

Mkono wa binadamu una mifupa 27. Minne kati ya hiyo ndiyo inayobeba ngumi: ile mirefu ya kiganja iliyo nyuma ya vidole vinne, kila mmoja ukiishia kwenye kifundo kinachoonekana tunapokunja vidole. Mfupa wa kidole cha shahada na ule wa kidole cha kati imekaa imara juu ya mifupa midogo ya kifundo cha mkono, karibu haisogei, na ndiyo maana makocha wazuri husisitiza ngumi itue hapo. Ule wa kidole cha pete na ule wa kidole cha mwisho inachezacheza. Ukiukunja mkono wako na kuubana, utaiona ikishuka. Bondia anapochoka, kiwiko chake hufunguka, ngumi hupinda nje, na pigo hutua kwenye vifundo hivi viwili dhaifu. Mfupa wa kidole cha mwisho huvunjikia shingoni, karibu kabisa na kifundo, na hospitali hupokea vijana wengi wenye jeraha hilo, hasa waliopiga ukuta au mtu kwa hasira. Kuna jeraha jingine lisilosikika sana nalo ni baya zaidi kwa bondia. Juu ya kila kifundo hupita kano inayonyoosha kidole, ikishikwa mahali pake na utando mwembamba kama kifuniko. Mapigo makali yakirudiwa juu ya kifundo kisicho na kinga, utando huo huchanika, kano huteleza pembeni, na kila anapokunja ngumi bondia husikia maumivu na wakati mwingine mlio. Picha ya eksirei huonyesha mifupa mizima, hivyo kijana huambiwa hana tatizo, hurudi kwenye begi, na jeraha ambalo lingetengenezwa mapema huja kuhitaji upasuaji.

Wanaotetea ngumi kavu hujibu kwamba mfupa hukua kufuatana na kazi unayopewa. Ni kweli, na wala si hoja ya kubeza. Daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Julius Wolff, aliiandika kanuni hiyo mwaka 1892, na tangu hapo utafiti umeithibitisha mara nyingi. Hata wacheza tenisi huwa na mfupa mnene zaidi kwenye mkono wanaoshikia raketi. Lakini kanuni hiyo ina masharti ambayo klabuni hayasemwi. Mfupa uliotikiswa huanza kwa kubomolewa: seli maalumu hula sehemu iliyochoka, kazi ya wiki kadhaa, na ndipo seli nyingine huja kujenga, kazi ya miezi. Katikati ya hatua hizo mbili mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa mwanzo. Anayepiga begi kavukavu siku tano kwa wiki anaupiga mfupa ambao umebomolewa na haujajengwa, na hivyo ndivyo nyufa za uchovu zinavyozaliwa. Zaidi ya hapo, mfupa hauhitaji mapigo mengi ili uelewe kwamba unatakiwa kuimarika. Baada ya mapigo machache tu hupunguza kusikiliza, na yanayofuata huongeza uchakavu bila kuongeza uimara. Gegedu linalokaa kwenye maungio ya vidole ndilo lenye hali mbaya kuliko yote. Halina mishipa ya damu, haliponi kama mfupa, na likishalika halirudi. Kinachopatikana kwa haraka katika zoezi hili ni ngozi nene na kuzoea maumivu. Maana yake ni kwamba kengele ya hatari imezimwa, na kijana anahesabu ukimya wake kuwa ni nguvu.

Nisisitize hapa suala la umri, maana wengi wanaofanya hivi ni wavulana wa miaka 13, 14, 15. Mifupa yao ya mikono bado ina sehemu laini za ukuaji karibu na maungio, ambazo kwa mvulana hazifungi mpaka akaribie miaka 17 au 18. Jeraha likitua hapo, mfupa unaweza kukua umepinda au kukoma kabla ya wakati wake. Mtoto wa umri huo akipigishwa begi la mchanga kwa mikono mitupu, anayempigisha anacheza na kitu ambacho hakuna mazoezi ya baadaye yatakayokirudisha.

Hoja inayoniridhisha kuliko zote, hata hivyo, inatoka katika historia ya mchezo wenyewe. Watu husema mababu wa ngumi walipigana kavukavu, kwa hiyo mikono ilikuwa imara zaidi enzi zile. Walipigana kavukavu kweli. Jack Broughton alitunga kanuni za kwanza za ngumi huko London mwaka 1743 kwa ajili ya watu wasiovaa chochote mikononi. Lakini ni Broughton huyo huyo, katika miaka ileile ya 1740, aliyeleta glovu nene za kufanyia mazoezi katika shule yake, akilenga zaidi kulinda nyuso za wanafunzi wake. Ngumi kavu ilikuwa ya siku ya pambano. Darasani mikono ilivikwa. Kanuni za Queensberry zikaja mwaka 1867 na kuingiza glovu ulingoni, na pambano kubwa la mwisho la ubingwa wa uzito wa juu kwa mikono mitupu lilichezwa Julai 8, 1889, pale Richburg, Mississippi, ambapo John L. Sullivan alimshinda Jake Kilrain baada ya raundi 75 na zaidi ya saa mbili za jua kali. Raundi 75 zinasikika kama ushahidi wa mikono ya chuma. Sivyo. Raundi ya enzi hizo iliisha mtu anapoanguka, hata kwa kusukumwa au kubwagwa kwa mweleka, na wapiganaji walikabana, wakavutana, wakachagua pigo moja moja. Walipiga mwili kwa wingi na fuvu kwa hadhari, kwa kuwa kila mmoja alijua kwamba paji la uso huvunja mkono.

Glovu na bandeji ndizo zilizobadili yote hayo. Mkono ulipopata kinga, bondia akaweza kurusha ngumi kwa mfululizo, kwa nguvu zote, kichwani, raundi baada ya raundi. Mazoezi ya begi zito tunayoyajua leo, yaani raundi za dakika tatu na pumziko la dakika moja, kombinesheni za ngumi nne tano, mamia ya mapigo kwa kikao kimoja, begi la kilo 30 hadi 45, yamejengwa juu ya mkono uliovikwa. Anayevua glovu akabaki na ratiba hiyo hiyo amechukua kazi ya karne ya ishirini akaipa mkono wa karne ya kumi na nane. Mpiganaji wa enzi za Broughton asingefanya hivyo, kwani angekuwa amemaliza mikono yake kabla ya kufika uwanjani. Kwa hiyo wanaodai kurudi kwenye asili hawajarudi popote, maana mchanganyiko wanaoufanya haukuwahi kuwapo.

Tukiitazama dunia kwa upana, asili yenyewe inaelekea upande wa kuvika. Wagiriki wa kale walipiga begi lililojazwa mbegu, unga au mchanga, na mabondia wao walizungushia mikono kamba za ngozi; sanamu ya shaba ya bondia aliyeketi, iliyofukuliwa Rome mwaka 1885, inaonyesha kamba hizo zimefungwa vizuri kabisa kuzunguka kiganja na kifundo cha mkono. Wahausa wa Nigeria na Niger, wenye mchezo wa dambe, hufunga mkono wa kupigia kwa kitambaa na kamba iliyokazwa. Wathai walifunga mikono kwa kamba za pamba kabla glovu hazijafika kwao. Wapo wasiofunga, na haki itendeke: Wavenda wa Limpopo, Afrika Kusini, hucheza musangwe kwa mikono mitupu. Mfano unaotajwa zaidi ni wa wanakarate wa Okinawa na nguzo yao ya makiwara, iliyovikwa majani ya mpunga. Nguzo hiyo ni ubao uliopunguzwa unene juu, unaoyumba unapopigwa na kumeza sehemu ya pigo. Mwanafunzi huanza polepole, mapigo machache, vifundo viwili tu, kifundo cha mkono kimenyooka, na huendelea hivyo kwa miaka chini ya jicho la mwalimu. Anayenukuu makiwara ili kutetea kijana anayebamiza kiroba cha mchanga mara mia tatu jioni moja anaunukuu mfano unaompinga.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu, nalo linatoka kwa makocha wanaojua kazi yao. Wanasema glovu kubwa humficha kijana makosa yake: anaweza kupiga na kifundo cha mkono kikiwa kimelegea na asihisi kitu, wakati mkono mtupu humwambia papo hapo kwamba amekosea. Ni kweli. Kwa ajili hiyo naafiki zoezi la kugusa begi laini kwa mikono mitupu, kwa nguvu ndogo, kama dakika mbili tatu mwanzoni, lengo likiwa ni kupanga vifundo, mkono na kiwiko katika mstari mmoja. Anayegusa hivyo anajifunza. Lakini somo hilo huisha mara tu nguvu inapoongezwa, kwa sababu mwili unaoumia huacha kusikiliza kocha na kuanza kujilinda: bondia hupunguza mwendo wa ngumi kabla ya kugusa begi, hukunja mkono, hubadili pembe. Anazoea kupiga kwa woga bila kujua, na tabia hiyo humfuata ulingoni hata akivaa glovu.

Wengine huleta hoja ya mtaani, kwamba ukivamiwa na vibaka hutapata nafasi ya kuvaa glovu. Kisa cha Tyson kinatosha kuijibu. Anayejifunza kujihami afundishwe kukwepa, kukimbia na kutumia kiganja wazi, ambacho ni kinene na hakina vifundo vya kuvunja.

Pia kuna wanaosema glovu zimewafanya mabondia wapigwe zaidi kichwani, na kwamba ngumi kavu, zilizorudishwa rasmi ulingoni Marekani mwaka 2018, ni salama zaidi kwa ubongo. Mjadala huo ni mzito, na Afrika Mashariki inaujua uzito wake: Robert Wangila wa Kenya, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki Seoul mwaka 1988, alifariki mwaka 1994 kwa majeraha ya kichwa baada ya pambano Las Vegas, akiwa amepigwa kwa glovu za kawaida kabisa. Lakini huo ni mjadala wa siku ya pambano. Begi halina ubongo wa kuokolewa. Mbele ya begi anayeweza kuumia ni mmoja tu, yule anayelipiga.

Linabaki pingamizi la umaskini, na hili ndilo lenye haki kuliko yote. Vijana wengi hawapigi kavukavu kwa kupenda. Klabu ina jozi mbili za glovu kwa watu ishirini, sponji imekwisha, ndani zimeloa jasho la wote, na zamu ikifika giza limeingia. Tangu bondia Mtanzania Hassan Mwakinyo alipomshangaza Mwingereza Sam Eggington huko Birmingham Septemba 2018, wapo vijana wengi wanaoona ngumi kama njia ya kutoka kimaisha, na wanaingia klabuni bila senti ya vifaa. Nalielewa hilo, na ndiyo sababu sisemi kila mtoto anunue glovu. Nasema kila mtoto awe na bandeji. Bandeji ya ngumi ni kitambaa cha pamba chenye urefu wa mita nne hivi na upana wa sentimita tano, na shuka kuukuu moja likikatwa kwa mkasi na vipande vikaungwa linatoa za vijana kadhaa. Kazi yake inaeleweka ukiitazama inavyofungwa: inaanzia kwenye kidole gumba, inazunguka kifundo cha mkono mara tatu ili kisipinde, inapanda kuzunguka vifundo mara tatu nne ili kuweka mto juu yake, inapita katikati ya vidole kuizuia mifupa ya kiganja isitanuke, kisha inarudi kufungia kwenye kifundo cha mkono. Kwa bandeji hiyo na begi lililojazwa vitambaa bila mchanga, kijana anaweza kufanya kazi nzuri kwa nguvu ya wastani akisubiri zamu ya glovu. Na vitambaa vya kujazia begi haviuzwi ghali. Kila fundi cherehani ana mfuko wa vipande anavyotupa.

Ukipima gharama, usisahau upande wa pili wa mizani. Vijana hawa hawaishi kwa ngumi, wanaishi kwa mikono: wanaendesha bodaboda, wanabeba zege, wanapakia magunia sokoni, wanafua vyuma. Mkono ukivunjika na kufungwa plasta kwa wiki kadhaa, bodaboda inapewa mtu mwingine na kodi ya chumba hailipwi. Hata mabingwa wenye kila kinga hawakuepuka. Floyd Mayweather, aliyecheza mapambano 50 bila kupoteza, aliteseka na mikono yake kwa miaka mingi, pamoja na kwamba ilifungwa na wataalamu kila siku. Kama mikono iliyotunzwa hivyo iliuma, kijana wa begi la mchanga ana nafasi gani?

Na kuna jambo ambalo silisikii likizungumzwa kabisa, ingawa linagusa afya ya wengi. Vifundo vilivyochubuka huacha damu kwenye begi. Anayefuata analipiga begi hilo hilo kwa vifundo vyake vilivyochubuka. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, hata kwenye damu iliyokauka isiyoonekana kwa macho, na ugonjwa huo upo kwa wingi katika ukanda wetu. Tumefundishwa kwa miongo mingi kutochangia wembe na sindano. Begi la damu linalopigwa na watu ishirini kwa ngozi zilizo wazi linastahili tahadhari ileile. Bandeji ya kila mtu yake, inayofuliwa kila baada ya mazoezi, na begi linalopanguswa kwa maji yenye dawa ya kuua vijidudu, vinapunguza hatari hiyo kwa gharama ya ndoo moja.

Kwa hiyo ombi langu liko kwa watatu. Makocha: asiyefunga bandeji asiguse begi zito, hata kama ni hodari kuliko wote, na begi la mchanga lifunguliwe lijazwe upya wiki hii. Vyama na kamisheni zinazosajili klabu Tanzania, Kenya na Uganda: bandeji kwa kila mwanafunzi na begi lisilo na mchanga viwe sharti la usajili, na wakaguzi wafike jioni, saa ambayo mazoezi yanafanyika. Wazazi: kabla hujamruhusu mwanao kujiunga na klabu ya ngumi, nenda ukalibonyeze begi kwa mkono wako, juu na chini, kisha uangalie mikono ya wanaolipiga. Ukikuta chini ni gumu kama jiwe na mikono haina kitu, mrudishe nyumbani, utafute klabu nyingine.